Jiko la Vyumba Saba

Baba Neema,

Tangu tukuzike umepita mwaka na nusu, na kuna jambo sijakuambia hata nilipokuja makaburini. Kwa mdomo nimeshindwa. Acha niandike.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka zamu yako ya ulinzi pale maktaba, mkononi una riwaya za Wamarekani wa karne ya kumi na tisa? Mimi namsuka mteja, wewe unatusimulia miji waliyoiota waandishi wale: hakuna tajiri wala maskini, wote wanakula meza moja. Siku moja nikakuuliza, "Na masufuria huko anaosha nani?" Ukasema, "Eish, mama, hapo hawakuandika." Kesho yake ukaosha wewe, wapangaji wote wanakutazama.

Ndivyo lilivyoanza jiko letu hapa mtaani Bellevue. Vyumba saba vya nyumba hii tukapika pamoja kwa zamu, wanaume nao. Miezi minane Wakongo, Warundi na Watanzania tulikula sahani zimepangwa meza moja. Halafu ikaja baridi ya Juni, kifua kikakubana, na wiki haikuisha.

Sasa nisikilize, mume wangu. Aliyelivunja jiko lile ni mimi.

Baada ya mazishi kila mtu aliniangalia mimi: tupike nini, leo zamu ya nani. Kana kwamba umeniachia urithi. Na kiti chako kiko pale, kitupu. Sikuweza. Nikabeba sufuria yangu nikaenda kupikia chumbani, nikafunga mlango. Hakuna aliyenilaumu. Mmoja mmoja wakafanya vilevile.

Wiki iliyopita Mama Inès, yule Mrundi tunayepakana naye ukuta, alirudi kutoka hospitali na mtoto mchanga. Mumewe yuko kazini Durban. Siku mbili alikunywa chai tupu. Nilipokuja kujua, aliniambia polepole, "Nilisikia unapika. Nikaona aibu kubisha."

Nililia, Baba Neema. Nililia kuliko siku ya jeneza lako.

Neema sasa ananijibu Kizulu tu, lakini jana alimbeba yule mtoto akamwimbia Kiswahili chako.

Mimi sina maneno yako ya kukusanya watu. Ila Mama Inès nitamlisha mpaka asimame vizuri, na nikipika, mlango wangu utakuwa wazi. Nakuahidi. Asiwepo tena wa kuona aibu kwangu.

Lala salama, baba. Bado nakulilia.

Mkeo,
Mama Neema