Kuku Wangu Walikuwa Wakibadilisha Manyoya Tu

Mkongani, Kwale.
15 Septemba, 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Swabir,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima huko Doha na joto lake, na kazi yaenda. Mimi sijambo, Alhamdulillahi, ila magoti. Homa iliyonilaza mwezi wa saba imeondoka. Mkeo Hanifa ni mzima. Umezoea nikuite mume wangu. Leo nimekuita mjukuu, basi elewa.

Nakuandikia kwa mkono wangu, mwandiko ule ule wa darasa la ngumbaru, na Salimu atakuletea akirudi kazini huko Doha. Simu sitaki. Simu ndiyo iliyowaua kuku wangu. Nimengoja miezi mitatu hasira ipungue. Haikupungua.

Wajua mwezi wa sita nilikwenda Msambweni kumwuguza dada yangu, siku tisa. Niliacha mitetea kumi na mmoja. Narudi, banda limefagiwa, limemwagiwa dawa, kimya.

"Hanifa, kuku wako wapi?"

Akatazama chini. "Walinyonyoka manyoya, nyanya. Nilimwonyesha Swabir kwa simu, akasema ni maradhi, niwachinje wote niwafukie."

Kumi na mmoja, Swabir! Ndani ya shimo la taka! Hata mchuzi wao hakuna aliyeuonja.

Wewe umekulia mlangoni pa banda lile. Kila mwaka mvua ya masika ikikatika, kuku aliyetaga sana hupumzika akavua manyoya. Huanza shingoni, yakaja ya mgongo, mkia mwisho. Hatazamiki, kweli, utasema ameungua moto. Mayai hukatika. Mimi huwapa vichwa vya dagaa na machicha ya nazi, wala simshiki hata mmoja, maana manyoya mapya yakichipua humuuma. Wiki saba, nane, amekuwa bibi harusi. Umesahau? Ulikuwa ukiyaokota ukijichokoa masikio, nami nakupiga.

Kuku mwenye ugonjwa wa kideri hujikunyata, hali chakula, anaharisha kijani. Wangu, kwa kinywa cha Hanifa mwenyewe, walikuwa wakila kama siafu. Ungemuuliza mkeo neno moja tu, "Wanakula?" Hukuuliza. Ulitazama picha ukatoa amri.

Mumbe, jirani yangu yule Mkamba, alimwambia, "Mama, ngoja mwenyewe arudi. Hao wanavua nguo wavae nyingine." Hanifa akajibu kwamba mume ameshasema. Simlaumu sana. Amezaliwa Ukunda nyumba ya kupanga, kuku amemjulia sahanini. Nakulaumu wewe.

Mbegu ile nilipewa na mama yangu Kadzo siku niliyoolewa. Mtetea mmoja, nikaingia naye kwa mume nimembeba kwapani. Kila nilichokikuta mle kilikuwa cha mume. Kuku alikuwa wangu. Mama yako alipoolewa nikamtoa nyumbani na mtetea wa uzao ule ule. Sasa dada yako Twaiba anaolewa Desemba, na wake nilikwisha kumfunga uzi mwekundu mguuni. Ule uzi nimeuona shimoni.

Na vile vifaranga vya kisasa ulivyomwagiza Japheth wa bodaboda aniletee kutoka Kombani, nilimrudishia na boksi lake. Sikuwa nimeomba kuku. Nilikuwa na kuku.

Mmoja amepona, na si kwa hisani yako. Alipotea tangu mwezi wa tano, nikadhani ameliwa na ngawa, kumbe anaatamia ghalani kwa Mumbe. Siku Hanifa alipokuwa akiwakamata wenziwe, Mumbe alimfunika kwa kapu akanyamaza. Alitotoa vifaranga vinne, naye akanyonyoka vilevile, uchi kabisa. Leo mkia umerudi, mweusi, unang'aa. Huyo ndiye atakayekwenda na Twaiba. Njoo harusini, mlango u wazi. Lakini kuku hutamshika.

Mjomba wako Tsofa akusalimu. Nisalimie Abdurahman, mwenzio wa chumbani, na umwambie mama yake anangoja simu yake. Mola akulinde, akufungulie riziki, akupe na ulimi wa kuuliza.

Mimi nyanyako akupendaye, hata leo,
Mwanatumu.

Nilitaka kusahau. Tangu ile homa nywele zangu zatoka, nikichana zabaki kwenye kitana. Hanifa akiinua simu, navuta mtandio hadi kwenye nyusi. Nakula vizuri, Swabir. Nimekwambia mapema, kabla hujaonyeshwa picha.