Kipaza Sauti Kilikuwa Wazi

Mwalimu Rukia, mwanangu,

Huku Mkange tupo. Moshi wa jiko la shule unaniingia machoni hivi sasa, maana bado ni hapa nyuma ya jiko tu ndipo mtandao unaposhika. Ulinileta mwenyewe, ukanivutia gogo ukaniambia, "Kaa hapo mzee wangu, usitikisike, ukitikisika tu inakatika." Nikakaa kama napigwa picha ya kitambulisho. Gogo lako nalo lipo, pembeni ya langu. Nimemkataza mpishi kulitia jikoni.

Nianze na darasa lako. Tulipotoka kukuzika kwenu Saadani, baada ya homa ile isiyotupa hata nafasi ya kukuaga, mwalimu mkuu alinikabidhi mimi darasa la kwanza. Mimi! Mtu wa hesabu za darasa la saba, nikikohoa tu kibaraza kizima kinanyamaza. Siku ya kwanza watoto walikaa wima kama wanasubiri sindano, na mmoja akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Mwanahawa, yule aliyekuwa habanduki kwenye gauni lako, aliutazama mlango kipindi kizima. Alikuwa anakusubiri wewe. Na mimi, usinicheke, nilikuwa nautazama mlango huo huo.

Mwalimu mkuu akasema wazi: nikishindwa, watoto wako watachanganywa na darasa la pili, wajifunze kusoma watakavyojaaliwa. Njia iliyobaki ilikuwa yale mafunzo ya mtandaoni ya walimu walio kazini, uliyoniandikisha kwa nguvu huku nikilalamika kwamba nakaribia kustaafu, sasa huyo wa kunifundisha mimi kufundisha ametokea wapi. Ulicheka tu. "Utanishukuru, mzee wangu." Lakini ulipoondoka nilitaka kuyaacha. Kila nikifungua lile kundi la mafunzo kwenye simu naliona jina lako, nalifunga. Nilishaandika ujumbe wa kumuaga mkufunzi, nikasema nimalizie kikao kimoja cha heshima ndipo niutume.

Kikao chenyewe ndicho hiki. Mkufunzi, mama mmoja mpole aliye Dar, akasema leo tutatazama somo la mwenzetu. Masikini, hakuwa na habari. Akabonyeza, ukatokea wewe na mtandio wako wa kijani, kikapu cha ukili mezani, watoto wako nyuma. Ukatabasamu, ukasema, "Shikamooni, wakubwa zangu."

Ningefanyaje, Rukia? Mimi nimelelewa Bagamoyo, na kwa bibi yangu shikamoo haikuachwa bila kuitikiwa hata ukiwa na tonge mdomoni. Nikaitikia kwa sauti yangu yote, "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Kipaza sauti changu kilikuwa wazi. Ulinifundisha mara ngapi kukifunga! Walimu wote wakanisikia. Mkufunzi akaisimamisha video, akacheka kidogo, akasema, "Mzee, hilo ni somo lililorekodiwa zamani." Nikamwambia najua. Nikamwambia na lililobaki, kwamba tumekuzika. Halafu mwalimu mmoja mtu mzima, hata shule yake siijui, akafungua kipaza sauti chake akasema taratibu, "Marahaba, binti." Akafuata mwingine. Na mwingine tena. Nililia, mwanangu. Mpishi alitoka akaniuliza kama azisogeze kuni, moshi usinisumbue. Nikamwambia ndiyo, azisogeze.

Mkufunzi aliomba radhi, akasema video ataiondoa isiendelee kututonesha. Nikasema hapana mwalimu, iache, nina kipindi Jumatatu na kile kikapu sijajua hata kinashikwaje.

Basi tukaitazama hadi mwisho. Nikakuona unavyochuchumaa, macho yako usawa na ya mtoto. Anatia mkono kikapuni bila kuchungulia, anatoa kijiko, nawe unamngoja aitafute mwenyewe sauti ya mwanzo ya jina la kitu hicho. Unamngoja! Mimi ningekuwa nimeshamjibia, na kumgombeza juu yake.

Jumatatu nikachuchumaa. Magoti yalilia darasa zima likasikia, wakacheka, nami nikacheka, na tangu hapo wakaanza kunisogelea. Mwanahawa alikuja wa mwisho. Alipapasa kikapuni, akatoa kipande cha sabuni. Nikamngoja. Miguu ilikufa ganzi, nikamngoja tu. "Sss," akasema, na alikuwa ananitazama mimi, siyo mlango.

Ningetamani ungekuwepo uone. Nilitoka nje nikakutafuta nikuhadithie, ndipo nikakumbuka.

Ule ujumbe wa kuaga nimeufuta. Mafunzo nitayamaliza, na watoto wako hawachanganywi na mtu, mwalimu mkuu amekubali. Wiki ijayo narekodi somo langu mimi. Mwanahawa amesema nivae shati jeupe.

Mkufunzi ananiambia walimu wapya wakijiunga, somo lako ndilo watakaloanza nalo. Kwa hiyo utaendelea kutuamkia, mwanangu, na wengine hawatajua kwamba wanaamkiwa na mtu aliyelala Saadani. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Pumzika. Mimi nitakuwa hapa kwenye gogo, na kila utakaposema shikamoo, kipaza sauti kiwe wazi au kimefungwa, nitaitikia.

Marahaba, Rukia.

Mzee wako,
Mwalimu Salum