Kwa Shemeji Niliyemtoa Kundini

Shemeji Elkana,

Najua hukupenda barua ndefu. Ulikuwa ukisema mtu akipita kurasa mbili ujue kuna jambo analizungukia. Leo sizunguki. Naandika marefu kwa sababu huwezi tena kunikata kauli, na kunikata kauli ulikupenda kuliko chai. Barua hii naiweka wazi kwenye kundi la simu la chama chetu hapa Dubai, lile uliloanzisha wewe nikawa mwenyekiti mimi, wasome wote. Nilikutoa mbele za watu, siwezi kukuomba radhi mafichoni.

Nianze na siku njema. Unakumbuka kafeteria ya Karama, meza ya karibu na friji ya soda? Kila Jumapili baada ya ibada tulikaa pale, wewe umevua shati la ulinzi lakini viatu vyeusi vya kazi bado miguuni. Tunaagiza chai ya maziwa ya vikombe vidogo, tunaweka simu katikati ya sahani mbili za chapati, na tunaanza kurekodi. Tuliita kipindi chetu "Maoni ya Mashemeji". Dakika kumi za siasa za nyumbani, zinatumwa kundini, na watu wetu wanazisikiliza wakiwa malindoni, jikoni na kwenye korido za hoteli. Wewe mwalimu wa historia aliyegeuka mlinzi, mimi msimamizi wa walinzi asiye na adabu ya kusikiliza. Walitupenda sana, tukubali.

Tulikuwa watu wa zamani na hatukuona haya. Mtoto alelewe na wazazi, si na wizara. Shamba la baba lisiuzwe kwa sababu ya harusi. Serikali ikae mbali na sufuria ya mtu. Msimu wa kura za mchujo ulipofika, chama chetu cha siasa kule nyumbani kikawa kinatafuta wa kumsimamisha kwa urais, tuliwachambua wagombea mmoja mmoja kama mama anayechambua maharagwe. Yule gavana wa zamani aliyeahidi kazi kwa kila kijana ulimmaliza kwa sentensi moja: "Mungu mwenyewe alimpa Adamu shamba, hakumpa mshahara." Yule mama mfanyabiashara ulimheshimu, ila ulisema ana haraka, na nchi si duka la kufunga mlango ukahesabu mali.

Kisha akaja Mtu Wetu. Ndivyo nilivyomwita mimi, na jina likashika. Alisali kama sisi, aliongea kuhusu nyumba na watoto kama sisi, hata suti zake zilikuwa za kizamani. Tulisikiliza hotuba yake kwenye simu yako, na pale aliposema kwamba Bunge limekuwa kizuizi, kwamba akiingia atatawala kwa amri hadi nyumba isafishike, nilipiga makofi hadi mhudumu akaja akidhani namwita.

Wewe hukupiga. Ulivua miwani, ukaifuta kwa kona ya kitambaa cha meza.

"Shemeji," ukasema, "maneno hayo angeyasema yule mpinzani wetu, wewe ungelala?"

"Lakini huyu ni mcha Mungu."

"Ndiyo maana namwogopa zaidi. Mwizi tutamkagua. Huyu tutafumba macho, tuombe."

Nikakwambia unapenda kubisha. Ukanijibu kwamba kiti hakizikwi na mtu. Mtu Wetu ataondoka siku moja, atakaa mwingine tusiyemtaka, na amri zote atazikuta mezani zikimngoja. Ukasema mtu wa zamani wa kweli huanza kwa kumfunga kamba wa kwake. Nikasema hayo tusiyarekodi. Ulikwenda kuyarekodi peke yako.

Hapo ndipo nilipoharibika, na wasomaji wengine hawajui ni kwa nini, kwa hiyo niseme. Watu wa Mtu Wetu walikuwa wamenitumia ujumbe. Angepitia Dubai, angependa kuonana na viongozi wa Wakenya, na mimi nilitajwa kwa cheo changu: Mheshimiwa Mwenyekiti. Shemeji, mimi hapa nimeitwa brother, nimeitwa guard, nimepigiwa mluzi na madereva. Mheshimiwa ilinilevya. Sauti yako ilipoanza kuzunguka kundini na watu wakaanza kuuliza maswali, niliona unanimwagia mchanga kwenye chakula.

Kwanza nilifunga kundi, asiandike mtu ila mimi. Wewe ukatuma sauti yako kwa mmoja mmoja, kama mwalimu anayerudisha madaftari. Asubuhi moja nikiwa langoni Bur Dubai, nangoja lori la samani liingie, nikakutoa. Kidole kimoja tu. Kisha nikaandika, nakumbuka kila neno: "Kwa mamlaka niliyo nayo, Elkana si mwanachama wa chama hiki tena. Khalas." Watu wakaweka dole gumba. Nilisikia raha, sitadanganya. Lori likaingia, nikamwelekeza dereva kwa mkono mmoja kama jenerali.

Mtu Wetu alikuja. Nilisimama naye kwenye ukumbi wa hoteli muda wa picha mbili. Aliniita Bwana Katibu, akanishukuru kwa kuweka watu wetu pamoja, akaenda kwa mwingine. Katibu ulikuwa wewe.

Baada ya hapo nilikuona mara moja tu, kwenye ngazi za metro, wewe unashuka mimi napanda. Nilikuwa tayari kugombana. Ulisimama, ukasema, "Habari ya leo, Mwenyekiti," ukaendelea kushuka. Miaka tisa hukuwahi kuniita hivyo. Nilifika juu nikakaa kwenye benchi, treni mbili zikapita.

Ulipougua kifua ulikuwa Satwa, kwenye kile chumba ulichokaa na Waganda. Kutoka mlangoni kwako hadi kwangu ni mwendo wa miguu. Zamani mtu wetu akiugua ilikuwa ujumbe mmoja tu kundini, na kabla hajafunga simu mmoja keshapata gari, mwingine anajua daktari, mama mmoja ameshachemsha uji. Wewe ulilala siku tatu. Okello, jirani yako wa kitanda, hakumjua mtu wa kumpigia hapa, akachukua simu yako akampigia mke wako Kitale. Rhoda akanipigia mimi. Yaani habari zako zilitoka Satwa, zikaenda Kenya, ndipo zikarudi Karama. Nilipofika hospitali walikokupeleka wale Waganda, walikuwa wameshakufunika.

Sisemi ulikufa kwa sababu ya kundi. Daktari alisema ni moyo, na baba yako naye alikwenda kwa moyo. Lakini nilikunyima siku tatu za watu, na hilo hakuna daktari wa kunitolea.

Basi ikaja kazi ya kukurudisha nyumbani. Wote mnaosoma mnajua desturi: mwanachama akifa ugenini, chama humsafirisha, na mmoja wetu humsindikiza hadi kwao. Mwanachama. Nilikaa na mweka hazina wetu, Wafula, kwenye ileile meza ya karibu na friji, nikamuuliza tufanyeje. Alinishangaa.

"Mwenyekiti, hiyo si neno. Si ni wewe ulimtoa? Mrudishe tu. Bonyeza hapo, yalla, twende tushughulikie makaratasi."

Simu ilikuwa mkononi. Namba yako ilikuwa mbele yangu. Ningebonyeza, ungekuwa mwanachama tena kabla chai haijapoa, na Rhoda angekupata mapema, na mimi ningeonekana mwema. Ndicho kilichonitisha. Kukurudisha kwa kidole kungekuwa kusema kwamba kidole kilikuwa na haki ya kukutoa. Nilikusikia kabisa ukiniuliza kama ningelala.

Nikaita mkutano. Kwa hiyo ukangoja. Rhoda alinipigia akilia kwa hasira, dada yangu wa tumbo moja: "Mnangoja nini? Mtu wangu yuko kwa barafu, nyinyi mnafanya mkutano?" Sikumwambia kwa nini. Nikamwambia makaratasi ya hapa ni mengi. Hata siku ile nilikuwa bado mwongo.

Tulikutana Jumapili alasiri chumbani kwangu, watu wamekaa juu ya vitanda, wengine wamesimama hadi ngazini. Mama Purity, anayefanya kazi za ndani, alitoka Al Warqa. Madam wake alimpa saa mbili, na moja aliimalizia kwenye basi. Alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na katiba ya chama, ile nakala ya mkono ambayo sisi wengine tuliipoteza zamani, yeye ameitunza chini ya sanduku pamoja na pasi ya kusafiria ya mwanawe. Nilitaka kueleza. Akaniinulia kiganja.

"Ngoja kwanza, Mwenyekiti. Nisome." Akasoma polepole, kidole kwenye mstari: "Mwanachama hataondolewa na mtu mmoja, awe nani, ila kwa kura ya mkutano, naye awe amepewa nafasi ya kujieleza." Akageuza karatasi watu waone. "Huu ni mwandiko wa Mwalimu. Na hii hapa chini ni sahihi yako."

Wafula akauliza, "Kwa hivyo tunapiga kura ya kumrudisha?"

"Kumrudisha kutoka wapi?" Mama Purity akasema. "Hakutoka. Hakuna mtu alimtoa. Kuna mtu alimnyamazisha tu."

Shemeji, nililia mbele ya walinzi ninaowapanga zamu. Nilikumbuka tulivyogombana juu ya kifungu hicho mwaka tulioanza. Mimi nilitaka mwenyekiti awe na nguvu za dharura, nikakwambia katiba yako ni nzito kwa chama cha watu wanaochangia uji na jeneza. Ukasema nitie sahihi, la sivyo utatafuta mwenyekiti mwingine. Nilitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa nilijua mwenyekiti ni mimi.

Wakati huohuo mtu akatoa hoja kwamba mimi nisiendelee. Mama Purity akasisitiza kwamba lazima nami nipewe nafasi ya kujieleza kabla ya kura. Nilipewa dakika tatu. Wewe hukupewa hata moja. Sikuzitumia zote. Walinitoa kwa mikono mingi, na waliobaki wameshikilia mikono chini walifanya hivyo kwa huruma tu. Siku hizi mwenyekiti ni Mama Purity. Anaendesha mambo kwa simu akipiga pasi, na kundi liko wazi, kila mtu anaandika anachotaka, mengine upuuzi mtupu. Wafula ndiye aliyekusindikiza hadi Kitale.

Wasomaji wanaotaka maoni yangu juu ya kura za mchujo, nayatoa, kwa mara ya mwisho na bila shemeji wa kunisahihisha. Mengi anayosema Mtu Wetu bado nayaamini. Kuhusu nyumba, kuhusu watoto, kuhusu kumcha Mungu, sijabadilika. Lakini sitampigia debe mtu anayeomba funguo za milango yote kwa sababu yeye ni mwema. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nami nilikuwa mwema, ulizeni mtu yeyote. Nilizika watu, nililipia tiketi, nilikaa hospitalini na wagonjwa nisiowajua. Na siku nilipopata cheo kisicho na wa kukiuliza, wa kwanza kuumia alikuwa ndugu yangu. Ikiwa chama cha watu mia kasoro kinahitaji karatasi ya kumzuia mwenyekiti, sijui nchi nzima itamwachaje rais kwa imani tu.

Sasa lililobaki, Shemeji, na hili ndilo zito.

Juzi nilimpigia Rhoda. Nilijipanga siku nzima. Nikamwambia yote: kundi, lango la Bur Dubai, mkutano, kwa nini ulikaa kwenye barafu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Najua."

Nikamuuliza amejuaje.

"Simu yake ilirudi na mizigo. Sharon ndiye aliifungua, alikuwa anatafuta picha za babake. Inaandika jina la mtu ambaye amekutoa. Nilikuwa nangoja nione utaniambia lini."

Nikaomba msamaha, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Mimi ni dada yako," akasema. "Nitakusamehe, sina ndugu mwingine. Lakini Sharon ananiuliza babake alikosea nini mpaka mjomba akamtoa. Mimi siwezi kumjibu. Utakuja Desemba, utakaa naye, utamwambia mwenyewe."

Sharon ana miaka kumi na tano, na tangu aliposoma jina langu kwenye simu yako hajawahi kulitamka. Nimeomba likizo, wamekubali. Nitakwenda Kitale, nitakaa mbele ya binti yako, na nitamwambia kwamba baba yake hakukosea kitu chochote. Kisha nitanyamaza, aseme yeye, kwa muda wote atakaotaka.

Pumzika, Shemeji. Huko uliko wasikilize wengine nao wakiongea.

Mimi shemeji yako,
mwanachama wa kawaida, Karama