Mchezo wa Fisi na Ndama

Jumatano, 1 Juni 1977

...na ndiyo maana nasema sikukosea kuomba kufanyia mazoezi huku, hata wenzangu wa chuo wacheke. Wao wamebaki Iringa mjini, kwenye vituo vyenye sakafu ya saruji. Mimi nina banda la matete katika bonde la Usangu, vumbi, mbu – na Nkuba wangu! Miezi mitatu ya ndoa na bado nikisikia kikohozi chake mlangoni moyo unaruka. Jioni anatoka machungani, anatia maji kwenye beseni, ananiosha miguu. Anasema mwalimu amesimama kutwa. Nikimwandikia mama kule Kilolo hataamini. Mwanaume kumwosha mkewe miguu!

Cheti kiko karibu sana. Malezi ya watoto wadogo – nikifumba macho naona jina langu limeandikwa kwa wino mweusi. Nimemaliza masomo ya darasani. Bado kuendesha kituo tu, mkufunzi aje aone, aridhike. Nikikipata, kazi ya hapa ni yangu. Nisipokipata, wataleta mwingine, nami nitakamua ng'ombe wa mama mkwe mpaka nizeeke.

Watoto wanatoka pande mbili. Wa wakulima wa mpunga, wengi Wahehe wenzangu. Na wa wafugaji, Wasukuma, ndugu za mume wangu. Uji wanakunywa kutoka sufuria moja. Wazazi wao hata salamu hakuna.

Ijumaa, 3 Juni

Siku mbaya. Jana ng'ombe wa shemeji Magesa, kaka yake Nkuba, waliingia kwenye mpunga wa Kalinga. Mpunga umeiva, umebaki kuvunwa tu. Leo dume moja la Magesa limekutwa limekatwa mshipa wa mguu wa nyuma. Lilikuwa linajiburuta, linalia kama mtu. Magesa alilichinja pale pale ukingoni mwa mfereji. Damu ikaingia majini. Wanawake waliokuwa wanachota huko chini wakarudi na ndoo tupu.

Kalinga alipita na mundu begani. Akasema ng'ombe asiyechungwa hujikata mwenyewe. Magesa akamjibu kwamba hata mtu hujikata.

Nkuba wangu akamshika kaka yake mkono, akamrudisha nyumbani taratibu kama anavyorudisha ndama. Nilijivuna! Nkuba kwa lugha yao ni radi. Radi gani hii, pole namna hii?

Jumanne, 7 Juni

Nimebuni mchezo! Chuoni walituambia kila siku: mchezo ndiyo kazi ya mtoto, nao uanzie kwenye kile anachokijua. Basi nimewapa Fisi na Ndama. Watoto wanashikana mikono duara, hilo ndilo zizi. Ndama wako ndani, fisi nje. Leo fisi alikuwa Crispin, mtoto wa Kalinga, na wa wafugaji na wa wakulima wakashikana mikono barabara ili asipite. Natamani mkufunzi angeona.

Kashindye, binti ya Magesa, ana miaka mitano na ulimi wa bibi yake. Akaniambia mwalimu nimekosea. Fisi akibeba ndama watu hawapigi makofi. Watu wanapiga mwano. Akanionyesha: kiganja mdomoni, sauti nyembamba inapanda, inapanda, inakatika. Nywele zilinisimama! Nilijua ni yowe la wafugaji, basi, hilo tu. Nikamwambia kesho awafundishe wenzake wote.

Jumatano, 8 Juni

Siwezi kuandika. Nkuba hajarudi. Gauni langu lina damu ya watu wa pande zote mbili.

Ijumaa, 10 Juni

Nijaribu. Nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi ile tulicheza. Fisi akachukua ndama, na watoto wote wakapiga mwano – mpaka wa wakulima, wamejifunza upesi mno. Na mimi pia! Kiganja mdomoni, nacheka. Uwanda huu hauna mlima wa kuzuia sauti.

Sikujua. Nimeolewa kwao miezi mitatu na hakuna aliyeniambia. Mwano ukilia, kila mwanaume wa Kisukuma anaacha alichoshika na kukimbia na silaha. Haulizi kuna nini. Asiyekimbia hana watu tena. Hata moto wa kuwashia hapewi.

Wakaja. Niliwaona kwanza kama vumbi. Mikuki, marungu, mmoja na mpini wa jembe. Njia fupi ya kufika kituoni inapita katikati ya shamba la Kalinga, na siku hiyo wakulima walikuwa wanavuna. Wakulima waliona nini? Wasukuma wenye mikuki wanawajia mbio, siku chache baada ya lile dume. Wakainuka na miundu yao.

Nilikimbia, nikapaza sauti kwamba ni mchezo, ni watoto. Nani angenisikia? Nilimwona mzee mmoja sikio linaning'inia. Niliona kijana amepigwa mkuki pajani, amekaa chini, anautazama kama haumhusu. Watu walikuwa wanapigana kimya. Hilo ndilo lililonitisha, ule ukimya – pumzi tu, na mifupa.

Kisha nikamwona Nkuba. Kalinga alikuwa amemwelekea Magesa kwa nyuma, mundu juu. Nkuba akampiga rungu mguuni. Mguu ukavunjika chini ya goti, ukakunjika pasipo na kiungo. Kalinga akaanguka. Nkuba akampiga tena. Mara ya pili, ameshaanguka! Mara ya tatu. Uso wa mume wangu sikuutambua.

Watoto walikuwa nyuma yangu. Wote. Hakuna aliyelia. Crispin alikuwa bado amefungiwa kitambaa cha fisi kichwani.

Jumatatu, 13 Juni

Amerudi! Alikuwa amejificha mbugani. Amekonda, ananuka moshi, nikamkumbatia mpaka nikaumia. Mgambo walikuja wakauliza nani alimvunja Kalinga. Hakuna aliyejua. Hata Kalinga mwenyewe, wanasema, amejibu hakumwona aliyempiga. Nilishukuru Mungu. Nkuba hakushukuru.

Leo wazee wa Kisukuma wamekaa kuamua. Waliokimbilia mwano hawana hatia, hata mmoja. Mwenye kosa ni aliyeupiga bure. Yaani mimi! Baba mkwe amenitolea ng'ombe wa faini, wakamla, na nikaambiwa niwapikie. Nimewapikia. Nkuba akaniambia nisilie, yamekwisha.

Kwao yamekwisha. Nikamuuliza: na zile mara mbili za baada ya kuanguka? Akaniosha miguu.

Alhamisi, 16 Juni

Watoto watatu tu. Wote wa nyumbani kwetu. Wanacheza mchezo ambao sikuwafundisha. Mmoja analala, mwingine anampiga mguu kwa kijiti, halafu wanahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Wakimaliza wanabadilishana. Nikawapa udongo wafinyange ng'ombe. Wakafinyanga ng'ombe wazuri sana, kisha Kashindye akawakata wote miguu ya nyuma kwa ukucha.

Usiku wa kuamkia leo banda limebomolewa upande mmoja. Sufuria ya uji imetobolewa kwa shoka.

Jumanne, 21 Juni

Mkufunzi wetu, Bibi Verediana, amekuja kutoka Iringa bila taarifa. Land Rover ilisimama, vumbi likatua, akatutazama: mimi na wale watatu. Akauliza hawa ni wa nani. Nikasema wawili wa shemeji zangu na mmoja wa binamu ya mume wangu.

"Kalista," akasema, "hiki si kituo. Hii ni familia yako."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Anarudi siku ya mwisho ya mwezi. Akikuta watoto wa pande zote mbili wamekaa pamoja, atapitisha mazoezi yangu. Asipowakuta, sina cheti, na chuo hakina nafasi ya kurudia. Nikamwambia watakuwepo.

Nkuba akanipoza usiku kucha. Atanijengea banda jipya, kubwa, kwa mikono yake. Mpenzi wangu! Banda ninalo. Sina watoto.

Ijumaa, 24 Juni

Leo nimekwenda kwa Kalinga. Peke yangu, bila kumwambia mtu. Nilivaa kitenge cha harusi kwa sababu gauni langu halijatoka damu.

Mkewe, Rozalia, alikuwa anapepeta. Nikamsalimu kwa lugha yetu, kamwene, akaitikia bila kuinua macho. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani kule Kilolo. Nikamwambia. Akasema anamfahamu mama, walipokea kipaimara siku moja, na kwamba mama hakulea mtu wa kupigia watu yowe. Ndani nilimsikia Kalinga akipumua. Hakutaka kupelekwa Mbeya hospitali. Mguu umefungwa vijiti, na harufu inafika uani. Crispin alikuwa mlangoni. Alinitazama kama hanijui.

Nikaomba. Nikasema nahitaji Crispin arudi kituoni. Akirudi yeye, wengine watamfuata. Rozalia akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa mtupu.

"Mume wako aje," akasema. "Aje mikono mitupu, akae pale anapolala huyu, amtazame. Akishakaa, mtoto nitakuletea mwenyewe."

Mdogo wake Kalinga, Yotamu, alikuwa pembeni ya nyumba ananoa mundu juu ya jiwe. Siku ile naye alikatwa, vidole viwili. Hakusimama. Akasema tu, "Mwambie shemeji tunamsubiri." Kisha akacheka kidogo na kujaribu makali kwenye nywele za mkono wake.

Nikarudi mbio, karibu nianguke mferejini.

Nkuba alikuwa ananisubiri, beseni tayari. Nikamwambia harufu, kipaimara, maneno ya Rozalia. Akasema hawezi. Aliyeitikia mwano haombi radhi, wazee watamcheka. Nikalia. Nikamwambia kuhusu cheti, kuhusu Kashindye na ng'ombe wa udongo, kuhusu zile mara mbili. Hapo akaacha kunisugua mguu. Aliniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia: kwamba kila usiku anausikia ule mguu.

Maji yakapoa.

Akauliza, "Wale ndugu zake Kalinga walikuwepo?"

Niliwaza juu ya jina langu kwa wino mweusi. Niliwaza juu ya Crispin pale mlangoni. Nikasema hapana. Nikasema yuko Rozalia tu, na mgonjwa, na mtoto.

Akanifuta miguu, kidole kimoja kimoja, kwa shuka lake mwenyewe. Hakuna mwanaume kama huyu duniani! Akasema kesho asubuhi nipeleke jibu: atakuja, mikono mitupu kama walivyotaka, kabla ya mwezi kwisha.