Wao Wamepunguza, Sie Tumeongezeka

Mchumba wangu Upendo,

Huku Kimara tu wazima. Bibi yako anakusalimu wewe mke mwenza wake. Kuku wake amehamia chini ya kitanda chetu, anaatamia, nasi tunanyata kama wageni.

Umesema kazi imekwisha huko Mwanza, ukauliza: "Babu, asiye na kazi ni nani?" Hata mie niliwahi kujiuliza. Kiwanda cha sabuni kule Mikocheni kilipopunguza wafanyakazi, nami nikiwamo, nilijifungia chumbani nikijiona nimekwisha. Kanisani nilikuwaga siendi.

Jumamosi moja asubuhi wanajumuiya wa kanisani, wanaosali nyumba kwa nyumba, wakapiga hodi, wamekuja kusali. Zamu ya kuwapokea ilikuwa ya jirani.

"Mmekosea mlango," nikasema. "Hapa yupo mtu aliyepunguzwa tu."

Mama Sabina, kiongozi wao, akavua kandambili. "Wao wamepunguza, sie tumeongezeka. Mkeka uko wapi, baba?"

Wakaketi, wakaimba. Nikangoja aniombee kazi. Yeye akamshukuru Mungu kwamba nipo, akataja jina langu polepole, kama anayeonja asali. Nilishasikia kwamba Kristo hubisha mlangoni. Sikujua huja na kandambili. Kazi niliipata baadaye, lakini mwenyewe nilishapatikana siku ile.

Hadi leo nikimuuliza Mama Sabina kama kweli walikosea mlango, anacheka tu.

Jumamosi hii zamu ni yetu. Kazi yako tutaiombea, ila kwanza nitashukuru kwamba upo.

Mchumba wako asiye na meno,
Babu