Simu Isiyofunguka na Kopo Langu la Vifungo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka kwanza, ukimaliza ndipo unijibu, kwa sababu hata dada yangu nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu, akasema wenzako wanagombana na waume zao kwa ajili ya wanawake, wewe mwenzetu unagombana na wako kwa ajili ya betri.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na mume wangu ni mchimba visima. Si visima vya jembe, ni vile vya mtambo, wanakwenda na lori la mabomba hadi mahali ambapo hakuna maji wala umeme wala mnara wa simu, wanapiga kambi, na anaweza kukaa huko mwezi au zaidi ndipo arudi kwangu kwa siku chache, ana vumbi hadi kwenye kope. Nilimkubali nikijua hivyo, kwa hiyo kazi yake siilalamikii, watu wanahitaji maji na mimi nakunywa kama wengine.

Zamani tulikuwa na simu mbili za aina moja, yangu na yake, zile ambazo mfuniko wa nyuma unaufungua kwa ukucha, unaona betri, na pembeni yake kuna tundu la kadi ya memori. Kwa kuwa kambini hakuna umeme, alikuwa na betri za akiba, na mimi ndiye niliyezichaji kabla hajaondoka, nikazifunga moja moja kwenye vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kushona, kila moja na rangi yake, ili ajue ipi bado na ipi imekwisha. Na akirudi, mshauri, kabla hata hajavua viatu ananipa simu yake, mimi naufungua mfuniko, natoa betri, naitia kwenye kopo langu la vifungo, nafunika. Hapo ndipo amefika. Msimamizi wake apige mpaka achoke, mume wangu hapatikani, yupo kwangu.

Kadi nayo ilikuwa na mambo yake. Kila jioni kule kambini, kwa kuwa hakuna mtandao wa kunipigia, alikuwa anairekodia simu kama vile anaongea na mimi, akirudi ananipa kadi yake, mimi nampa yangu, anaondoka nayo. Mimi nilimrekodia cherehani, mvua juu ya bati, binti yetu akisoma kwa sauti na kuyaruka maneno magumu, wateja wakilalamika kwamba nguo imewabana wakati ni wao walionenepa. Yeye alinirekodia kila kitu. "Fundi wangu, leo tumegonga mwamba wenye roho ngumu kuliko mama yako." Siku nyingine anaimba, na kuimba hajui. Siku nyingine hasemi lolote, nasikia kuni zinapasuka motoni na yeye anapumua, halafu mwishoni anasema, "Basi, nilitaka tu tukae." Na ile siku maji yalipotoka baada ya kuchimba mahali ambapo kila mtu alishakata tamaa, mtambo unanguruma, watu wanapiga kelele, naye anakimbia na simu mkononi anapaza sauti, "Fundi! Fundi wangu! Yametoka! Matamu!" wakati mimi sipo, nipo mbali nahangaika kupitisha uzi kwenye sindano, lakini mtu aliyemwita ni mimi. Hiyo huwa naisikiliza nikipiga pasi, na mpaka leo sijaichoka.

Sasa kampuni yao ikawapa simu mpya, na unajua tena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ni nyembamba, nyuma inang'aa kioo kitupu, hakuna hata mahali pa kutia ukucha. Sisemi ni mbaya, ina sifa zake, imewahi kutumbukia kwenye tope la kisima wakaisuuza kwenye ndoo ikaendelea kuita, wakati ile ya zamani ikipata tone moja tu la maji ni kilio. Nafasi yake ya ndani ni kubwa, kwa hiyo tundu la kadi hawakuweka, na mume wangu akaniambia nisijali, "Nitakurekodia humu humu, nikifika penye mtandao zinakuja zenyewe." Hazikuja. Mwanzo alisema bando limekwisha, halafu akasema ni nzito hazipandi, halafu hatukuulizana tena. Ninachopata ni kile kipicha cha kidole gumba. Mtu aliyekuwa ananiitia maji sasa ananitumia kidole gumba! Na mimi nikaacha kumrekodia, maana nirekodi kisha nimtilie wapi?

Na akiwa nyumbani hakuna cha kutoa. Simu inatetemeka mezani, anaichukua, anasema, "Mara moja tu," anatoka nayo hadi mlangoni, anarudi chakula kimepoa. Nikimwambia aizime anasema, "Nimeiweka kimya, mama." Kimya gani hicho kinachotikisa meza?

Safari iliyopita alikuwa anaoga. Simu yake ilikuwa kwenye meza yangu ya kazi, juu ya gauni la mteja, ikaanza kutetemeka na kusogea yenyewe kuelekea ukingoni. Sijui shetani gani alinipitia. Nilichukua kile kijisu changu cha kufumulia nyuzi, nikakitia kwenye ule mstari wa pembeni, nikabinya, nilitaka tu nitoe betri kama zamani niitie kwenye kopo, kioo cha nyuma kikapasuka kutoka kona hadi kona. Akatoka bafuni na taulo, povu bado liko masikioni, akanikuta nimeishika. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alisema taratibu, "Hii haifunguki, Fundi. Wameshaifunga huko huko kiwandani." Nikahisi ananieleza habari zake mwenyewe, nikaingia chumbani nikalia.

Aliibandika kwa gundi ya plastiki akaondoka nayo. Juzi akanipigia kutoka mjini, walikuwa wamefuata vipuri, akaniambia akirudi ananiletea na mimi ya aina ile ile, tufanane. Sauti yake ilikuwa na furaha, nikamuaga upesi nikarudi kwenye cherehani. Na kweli simu yangu iko mahututi, betri imevimba mpaka mfuniko haufungi, nimeubana kwa lastiki ya sketi, na fundi simu wa pale kona anasema betri za aina hii hazitengenezwi tena. Lakini nikiipokea hiyo mpya, kadi zangu nitazisikilizia wapi? Mume wangu yumo mle, yule niliyemzoea. Huyu anayerudi anakaa mbele yangu anakula, namwangalia, na bado nina hamu naye kana kwamba hajafika.

Nikatae zawadi? Nimwambie arudie simu ya zamani? Au mimi ndiye mwenye wazimu, nakionea wivu chombo? Na hao watengenezaji, wangepungukiwa nini wakituachia mfuniko wa kufungua na tundu la kadi? Nisaidie, kwa sababu anarudi mwisho wa mwezi.

Ni mimi, Fundi wa Dirisha la Mbele.

JIBU

Fundi mwanangu, ngoja nikugombeze kwanza, maana nikianza kukuhurumia nitasahau. Unaichokonoa betri ya simu kwa kijisu! Betri hizo zikitobolewa zinawaka moto, na ungemlazimisha mchimba visima kuzima moto kwa taulo aliyojifunga. Na hiyo yako iliyovimba, uliyoibana kwa lastiki ya sketi kana kwamba ni kiuno cha mteja, itoe leo. Usiichaji tena, usiitie kwenye kopo, usiitupe kwenye jalala linalochomwa. Mpelekee huyo fundi simu wa kona, naye atajua pa kuipeleka. Ukiwa hapo muulize kama hana simu mbovu ya aina yako yenye betri nzima, kwa maana mafundi simu wote wana makaburi ya simu chini ya meza. Kisha akunakilie kadi zako zote mahali pawili tofauti. Kadi nazo huzeeka, na ikifika siku yake haiagi mtu.

Umeniuliza kuhusu watengenezaji. Wewe huna wazimu. Nguo ikikatika kifungo hatuitupi, tunakuletea wewe, unashona kingine na maisha yanaendelea. Kwa nini simu ikichoka betri niambiwe ninunue simu? Na nafasi ikijaa, kwa nini nifute sura za wajukuu wangu wakati kadi ndogo kama ukucha ingetosha? Wao husema wanaziba ili maji yasiingie. Ni kweli, na ya mumeo imeponea hapo hapo. Lakini saa yangu ya mkononi huoga na mimi, na kila betri ikiisha fundi anafungua mfuniko wa nyuma, anabadilisha, anafunga. Wangetaka wangeweza. Basi, hilo nimelisema, na nitalisema tena nikipata wa kunisikiliza, ila halitakurudishia mumeo mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwako. Kadi haikujirekodi yenyewe, Fundi. Aliyekuwa anakaa kando ya moto na kusema "nilitaka tu tukae" ni mtu, na mtu huyo bado ana mdomo. Simu aliyo nayo leo inanasa sauti vizuri kuliko ile ya zamani, nayo hainasi kitu. Kwa nini? Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili kulitafuta hilo. Umemwambia dada yako, umeniambia mimi, umekiambia hata kijisu cha kufumulia nyuzi. Mwenyewe hujamwambia. Mficha uchi hazai, mama, na wewe umejifunika gubigubi.

Tena kuna kijineno umekipitisha harakaharaka ukidhani sitakiona. Na wewe uliacha. Ulisema huna pa kumtilia. Sasa mwone yeye kule kambini, alizoea kusikia cherehani na mtoto anayeruka maneno, safari moja akaondoka bila kupewa kitu, na ya pili hivyo hivyo. Unadhani hakuumia? Huenda naye ameandika barua mahali akiuliza mbona mke wangu amenyamaza. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na mvua imenyesha juu ya bati lenu msimu mzima hakuna aliyeirekodi.

Kwa hiyo mpigie akifika penye mtandao, kabla hajanunua. Zawadi usiikatae, irekebishe. Mwambie, "Mume wangu, sitaki ya kufanana na yako, nitafutie yenye tundu la kadi." Zipo bado, nyingi tu, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko hiyo ya vioo. Yake ya kazini abaki nayo, usimrudishe kwenye simu itakayokufa kwa tone moja la tope. Ila kuna kisoma kadi, kidogo kama kifungo cha koti, kinachomekwa pale pa kuchajia. Anatia kadi yako anakusikiliza, anakunakilia ya kwake anakuletea, mnabadilishana kama zamani bila kumwomba mtandao ruhusa. Na betri ya akiba siku hizi inakaa nje ya simu, wanaiita pawa benki. Ichaji wewe, na uifunge kwenye kitambaa cha rangi unayoipenda.

Lakini usianze na vifaa, anza na mdomo wako. Leo hii, ukishamaliza kunisoma, azima hata simu ya dada yako, maana amecheka vya kutosha na sasa afanye kazi. Rekodi. Weka cherehani, weka binti, weka mteja anayenenepa. Halafu wafukuze wote chumbani umwambie mumeo lile ulilonieleza mimi, kwamba anakaa mbele yako anakula na bado una hamu naye. Maneno matamu kama hayo umemtumia mshauri wa gazeti, mwenye nayo hajayasikia! Akirudi, yawe ya kwanza kuingia masikioni mwake.

Na siku hiyo ya kurudi, asivue viatu kwanza. Zima simu yoyote utakayokuwa nayo mbele yake uitie kwenye kopo, kisha umnyooshee mkono kama ulivyokuwa ukifanya. Akikuambia hii haitoki betri, mwambie unajua, itaingia nzima. Mtu aliyekimbia na simu akikuitia maji hatakosa kuelewa. Kazi iliyobaki ni yako tu, na ni ya fundi: vimwage hivyo vifungo upime, kwa sababu kopo lililotosha betri moja halitatosha simu mbili. Likiwa dogo, tafuta kopo kubwa zaidi.