Nusu Siku Handakini na Shemeji Lành

Sài Gòn,
Novemba 1998

Kwa Dada yangu Diệp,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe pamoja na mwanao ambaye bado sijamtia machoni. Natumaini makaa ya kumpasha mzazi joto chini ya kitanda chako hayajazimika, kwamba Mama hakulishi nguruwe wa pilipili manga asubuhi na jioni, na kwamba maziwa yanamtosha mtoto. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, kazi bado hainijui. Ninakumbuka kwamba umekatazwa kusoma na kulia hadi mwezi wako wa uzazi utimie, usije ukaharibu macho. Kwa hiyo isome barua hii kidogo kidogo ndani ya chandarua, na usimpe mtu mwingine akusomee, hasa mumeo. Ukifika mahali pa kulia, ikunje, uiweke.

Nianze na jambo lililoninyima usingizi, yaani jina la mtoto. Uliponiandikia kwamba heshima ya kulichagua nimepewa mimi, niliifanya kazi hiyo kama mtu anayejiandaa kusimama mbele ya jopo la maprofesa. Nilikagua majina ya ukoo wetu hadi babu wa babu, na ya upande wa kina Lành vilevile, ili mtoto asije akabeba jina la mkubwa yeyote, aliye hai au aliyekufa. Nilipima maana, nikapima sauti. Ndipo nikaleta jina Khiêm, lenye maana ya unyenyekevu, sifa ambayo nyote mnasema mimi sinayo na ambayo nilitaka mpwa wangu aipate kwa njia nyingine. Baba akajibu kwa mstari mmoja: jina hilo hapana. Hakutoa sababu. Siku chache baadaye nikasikia kwamba mumeo amependekeza Bền, na Baba amecheka na kusema hilo ndilo jina. Bền, yaani kitu kinachodumu! Neno linalopakwa rangi ubavuni mwa pampu za maji anazozitengeneza!

Nitasema wazi kwamba niliona wivu, na kubisha kote ninakokujua hakunisaidii kuukana. Tangu umwoe, au tuseme tangu akuoe, maana hata hilo katika nyumba yenu si wazi, Baba amekuwa mtu mwingine mbele ya Lành. Humpa kikombe cha kwanza cha chai. Humwita wakavue samaki. Mimi, mtoto wa kwanza wa kata yetu kumaliza chuo kikuu, mwenye shahada ya historia, nilimwomba kwa miaka mitatu anieleze habari za vita alivyopigana akiwa ndani ya mahandaki ya Củ Chi, nizitumie katika tasnifu yangu. Jibu nililopata ni hili: "Nilichimba udongo. Andika hivyo." Nikaandika kurasa tisini kutoka vitabu vya watu wengine, juu ya mambo ambayo baba yangu aliyaona kwa macho yake.

Ndiyo maana walipokuja mjini, Baba akiwa na miadi ya macho na mumeo akiwa msindikizaji, niliwakatia tiketi za matembezi ya nusu siku kwenda kwenye mahandaki yenyewe. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Akifika pale, nikiwa kando yake, atafunguka; na akishafunguka kwangu, suala la jina nalo litazungumzika. Nilimweleza mpango huo kwa maneno mazuri sana, kuhusu wajibu wa kizazi kimoja kwa kingine. Akasema macho yanamwuma. Lành, aliyekuwa anachokonoa meno, akasema: "Twende, Baba, tukaone kama wameipaka rangi nyumba yako ya zamani." Baba akacheka na kwenda kutafuta viatu vyake.

Tuliondoka asubuhi kwa basi dogo pamoja na wanawake wa kiwanda cha viatu waliopewa mapumziko, watu wa makelele na maembe mabichi yenye chumvi ya pilipili. Kiongozi wetu alikuwa binti aitwaye Thoa, mwenye skafu ya miraba shingoni na kipaza sauti ambacho hakukihitaji. Alipotaja urefu wa mahandaki, nilimweleza kwa adabu kwamba waandishi hawakubaliani, kwa sababu wengine huhesabu na yale yaliyobomoka. Alipotuonyesha matundu ya hewa yaliyofichwa ndani ya vichuguu, niliongeza habari za pilipili iliyonyunyizwa ili mbwa wa adui wapoteze harufu. Nilikuwa sahihi, Dada, na yeye mwenyewe alikubali kwamba niko sahihi, lakini akasema, "Kaka, ukimaliza kufundisha utanirudishia kazi yangu, eti? Nina mkopo wa pikipiki." Basi zima likaangua kicheko. Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama nje, kwenye mashamba ya mpira, kana kwamba hatujuani.

Pale msituni Thoa aliondoa majani makavu kwa mguu, akafunua mlango wa mbao usiozidi upana wa sinia, akauliza nani ataingia. Mumeo, ambaye tumbo lake unalijua kuliko mimi, akainua mkono. Akaingia hadi kiunoni na hapo akakwama, mikono juu, kama mtu anayetekwa nyara. Wale wanawake hawakumhurumia. Mmoja alimwuliza ana mimba ya miezi mingapi. Mwingine akapiga kelele, "Mwacheni huko huko, tutamletea wali kila siku!" Lành naye, badala ya kuona haya, aliwajibu kwamba yeye ndiye mtego wa kisasa, adui akimwona atakufa kwa kucheka. Tulimvuta mimi na Baba, kila mmoja na mkono wake, na Baba alicheka hadi machozi yakamtoka na kofia ikamwanguka. Nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kumfanya Baba acheke namna ile.

Kuna jambo jingine ambalo sikulielewa wakati lilipotokea. Karibu na hapo pana uwanja ambapo wageni hulipa na kufyatua bunduki za zamani, na milio yake husikika msitu mzima. Mimi, kwa kutaka kuwa na manufaa, kila mlio uliposikika nilimweleza Baba ni bunduki ya aina gani na ilitengenezwa nchi gani. Lành yeye alianza kupayuka habari za pampu ya jirani yake iliyomezwa na matope, hadithi isiyo na kichwa wala miguu, na kila bunduki ilipolia alipandisha sauti. Nilimwona mpumbavu. Niliposhtuka kwamba alikuwa anaizima milio ile isimfikie mzee, tulikuwa tumekwisha kufika kwenye mlango wa handaki, na Baba alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

Thoa alitangaza kwamba sehemu hiyo imepanuliwa kwa ajili ya wageni, ina taa, na kwamba mwenye moyo mdogo anaweza kutoka kwenye tundu la kwanza. Baba akasema yeye atabaki nje na kuvuta sigara. Nikasema basi nami nitabaki naye. Nilikuwa nimeungoja muda huo tangu alfajiri: yeye na mimi, na mlango wa handaki mbele yetu. Aliitupa sigara ambayo hata hakuiwasha, akasema: "Lành. Twende."

Hakusema "twendeni". Dada, wewe unajua uzito wa jambo hilo hata kama hukuwepo.

Niliwafuata kwa hasira, nikiwa wa mwisho kabisa, nyuma ya wale wanawake. Kufika tundu la kwanza nikapaza sauti kwamba mimi natoka, nimeyaona ya kutosha, na Baba akaitikia kutoka mbele, "Haya." Nikatoa kichwa nje. Hapo juu walikuwepo wawili kati ya wale wanawake, waliokwisha kutoka, na mmoja akamwambia mwenzake, "Tazama, profesa kashindwa." Nikarudi chini. Ni kiburi tu kilichonirudisha, sina sababu nyingine ya kukupa.

Nilitambaa gizani hadi kwenye kona, na hapo nikasikia sauti ya Baba. Wengine walikuwa wamekwisha kupita. Yeye na Lành walikuwa wameketi ndani ya chumba kidogo kupumzika, hatua chache mbele yangu, na Baba aliamini kwamba mimi niko juu kwenye jua. Nilitaka kurudi. Lakini njia ile hairuhusu mtu kugeuka.

Alikuwa anamweleza kwamba njia za zamani zilikuwa nusu ya hii. Mtu alitambaa kwa viwiko, na aliyetaka kugeuka alilazimika kusonga mbele hadi kwenye chumba. Siku moja ya mabomu yeye alikuwa mbele, na Baba Mdogo Nane nyuma yake, amemshika kifundo cha mguu wasipoteane. Ni Baba Mdogo Nane yuleyule ambaye kila mwaka Mama humpikia samaki wa chungu kwa kumbukumbu ya kifo chake, ambaye hana picha madhabahuni, ambaye sisi watoto tulimjua kwa nafasi yake ya kuzaliwa tu kwa sababu jina lake halisi Baba hulinong'ona peke yake mbele ya ubani. Udongo uliposhuka, mkono ule uliachia mguu. Nane aliita. Baba hakuweza kugeuka. Alisonga hadi kwenye chumba, akageuka, akarudi, akakuta ukuta wa udongo. Alisema: "Nilikuwa namwambia tu, ningoje, Khiêm, nakuja, Khiêm. Mpaka alipoacha kujibu."

Nadhani sasa unaelewa, Dada. Nilikagua ndugu wa damu wote hadi babu wa babu. Sikukumbuka kumkagua mtu ambaye si ndugu na ambaye tunamfukizia ubani kama ndugu.

Baba aliendelea kwamba mtoto lazima aitwe aje kula, lazima akaripiwe, lazima afinywe sikio. "Nitamkaripiaje mjukuu wangu kwa jina lile?" Mumeo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakufanya mzaha. Aliuliza kwa nini haniambii mimi hayo, je, anaogopa nitayaandika? Baba akasema niandike tu, kuandika si kitu. Anachoogopa ni kwamba nitamwuliza kwa nini hakurudi kinyumenyume. "Na ataniuliza vizuri, kwa ushahidi. Yule anajua kuuliza." Halafu akasema: "Wewe ukinidharau, Lành, nitatafuta mkwe mwingine. Yule akinidharau, sina wa pili." Lành akamjibu kwamba mkwe mwingine atampata wapi na binti anaye mmoja tu, nao wakacheka kidogo, wakajikokota kwenda mbele.

Mimi nilirudi kinyumenyume. Katika njia iliyopanuliwa, yenye taa, bila bomu, bila mtu wa kuniita, nilichubuka magoti, nikagonga kisogo, nikakwama pale kwenye kona hadi nikaanza kupumua kama samaki. Lile swali ambalo Baba aliogopa nitamwuliza halipo tena.

Kisha sote tulikalishwa kwenye meza ndefu na kuletewa muhogo wa kuchemsha na chumvi ya karanga, chakula cha wapiganaji. Wanawake wa kiwanda walikula wakilalamika kwamba hauna nyama. Baba alitoa mzizi wa katikati ya kipande chake, akakichovya, akakiweka mbele yangu. Nilikuwa na udongo mgongoni na magotini. Lành aliuona, akaanza kunipangusa kwa nguvu huku akiwaambia wale wanawake kwamba shemeji yake ameteleza chooni. Wakacheka tena, nami kwa mara ya kwanza siku ile sikumbishia mtu.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho msomi hafanyi, na sharti nikuungamie wewe kwa kuwa hakuna mwingine. Nilisema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba nimelitafakari upya jina Khiêm na kuliona halifai. Nimesoma mahali kwamba sauti yake ni nzito kwa mtoto aliyezaliwa mwaka wa chui milia. Baba aliacha kutafuna. Akaniuliza ni kitabu gani kinachosema hivyo. Nikataja mwandishi, nikataja mji wa uchapaji, nikataja hata sura. Hakuna kitabu kama hicho, Dada, wala hakuna mwandishi kama huyo. Baba alitazama magoti ya suruali yangu, kisha akanitazama usoni, akasema: "Kitabu kizuri hicho." Akavuta sahani, akaendelea kula.

Sijui anajua nini. Ninakuomba usimwulize, wala usimwambie Lành kwamba nilisikia. Ukiulizwa, sema Tường amebadili mawazo yake kama kawaida ya wenye vitabu vingi. Na usidhani kwamba nimepona. Bado namwonea wivu mumeo, kwa maana yeye aliambiwa nami nikasikia. Laiti ningeambiwa mimi, hata kwa sentensi moja.

Nitafika siku ya karamu ya mwezi mmoja, na ninaomba jambo hili tu: mtoto asiitwe kwa jina na mtu yeyote mpaka niwepo. Nataka nimbebe mbele ya Baba na nimwite mimi, wa kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: Bền.

Mpe Mama mkono wangu, mwambie yale makoti aliyonitumia yananitosha. Msalimie mumeo, lakini si sana. Mbusu mtoto kwenye nyayo, na wewe ujikinge na upepo.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, kwa kadiri anavyoweza,
Tường